Plagini Moja, Wenyewe Wawili

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni, na mimi mwenyewe sijaondoka hapo.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni fundi sauti katika studio inayorekodi vitabu vya kusikiliza. Miezi saba iliyopita nilipandishwa nikawa fundi mkuu kwa sababu ya plagini, yaani kile kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia ili kifanye kazi moja tu. Hiki changu kinafuta pumzi za msomaji. Nasema changu. Kiliundwa na mke wangu.

Siku hiyo mwenye studio, ambaye sote tunamwita Mama Studio, aliniambia anakuja mtengenezaji wa plagini kufanyiwa majaribio ya kazi. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mke wangu, amevaa viatu alivyovaa siku ya ndoa yetu, mkononi ana flashi.

Asubuhi ile mama mkwe aliniuliza, "Mbona mwenzio amevaa viatu vya harusi siku ya kazi?" Nikamjibu kwamba wanawake wana mambo yao. Mama mkwe akaniangalia kwa huruma, akaendelea na chai yake.

Mmeniandikia barua. Mmoja ameuliza kama shida zangu nazinunua kwa jumla. Mwingine, anayejiita Shangazi, amesema yote yaliyonipata nimestahili. Shangazi, weka akiba ya maneno. Hujasikia bado.

"Shikamoo, mama," mke wangu akamsalimia Mama Studio.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Huyu hapa ndiye fundi wangu mkuu, ndiye atakayekupima."

Mke wangu akacheka. "Huyu namfahamu, mama. Huyu ni mume wangu."

Mama Studio akaniangalia, akamwangalia yeye, akavuta kiti akakaa.

"Fundi, mbona hukuniambia?"

"Sikujua, mama," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwangu kwa muda mrefu.

"Nilimficha," mke wangu akasema. "Nilitaka nimshtue." Akanigeukia. "Umeshtuka?"

"Nimeshtuka."

Lazima mjue kilichokuwa mezani. Ofisi aliyokuwa akifanya kazi mke wangu ilifungwa miezi mitano kabla ya hapo. Alikuwa ameomba kazi sehemu kumi na mbili, na kila jioni alikuwa akiniuliza kama nimesikia nafasi yoyote, nami nikisema bado. Mama Studio na wenye studio wenzake wanne walikuwa wamekubaliana watafute mtu mmoja wa kuwatengenezea zana zao wenyewe. Akipita hapa, amepita studio zote tano. Akiharibu hapa, wote watano wangekuwa na habari zake kabla ya chakula cha mchana, na mji wetu hauna studio ya sita.

Nafasi hiyo niliijua tangu inatangazwa. Sikumwambia. Mnadhani ni kwa nini?

Nirudi nyuma kidogo, maana wengine mnasoma gazeti la kufungia vitumbua.

Zamani nilikuwa nikikata pumzi kwa mkono. Msomaji akisoma saa moja, mimi nakaa saa nne nikimtafuta kila anapovuta hewa na kila mate yanapolia mdomoni. Nilirudi nyumbani macho mekundu, mtoto amekwisha lala. Mke wangu akachoka kunihurumia, akaingia mtandaoni akapakua mfuko wa zana ambao kampuni fulani huutoa kwa yeyote anayetaka kujiundia plagini. Nilimuuliza kama ndani yake kuna plagini ya pumzi.

"Hamna," akasema. "Humu kuna ramani, misumari na randa. Kuna na viti viwili vya mfano. Meza utaunda mwenyewe."

Aliunda kwa wiki tatu, kwenye meza ya chumbani, mimi nikimshikia mtoto. Akaiita Pumzi. Aliponipa alisema, "Ili uwe unawahi kurudi."

Nikawahi kurudi kweli. Mama Studio akaona kazi inatoka upesi, akauliza nani kanipa dawa hiyo. Mdomo wangu ukajibu, "Nimeunda mwenyewe, mama." Sikuupanga. Ulijibu tu, na mimi nikabaki nikiufuata nyuma.

Mama Studio akataka kuiona. Jumapili moja mchana nikachukua folda ya mke wangu na ule mfuko wa zana, nikaja studio peke yangu. Nikabadilisha jina, ikawa Sauti Safi. Nikabadilisha rangi, kijani ikawa bluu. Mahali pa jina la mtengenezaji nikaweka la kwangu, na Pumzi ya awali nikaifuta kwenye kompyuta ya studio. Nikabonyeza amri ya kujenga, ile inayogeuza maandishi kuwa plagini kamili. Mistari ikapita mbio kwenye skrini, mingine myekundu, nikarekebisha kwa kufuata daftari lake la maelezo, nikajenga tena. Mara ya tatu ikakubali, na ule mfuko wenyewe ukaipeleka plagini mpya kwenye folda ambamo programu ya kurekodia huzitafuta. Nilijipigia makofi, mtu mzima, kwenye chumba kitupu.

Wiki iliyofuata nikawa fundi mkuu. Mama mkwe aliwatangazia majirani mpaka wale tusiosalimiana nao.

Turudi siku ile.

Mama Studio alitoka kupokea simu. Mke wangu akaomba kuonyeshwa pa kunawia mikono. Nikabaki na kompyuta na dakika mbili.

Nikafungua folda ya plagini. Sauti Safi ilikuwa pale pale. Nikasema naifuta, yaishe. Kidole kikasita, maana kitabu cha mteja wa kesho, sura thelathini na moja, chote kilikuwa kimepitishwa humo. Nikaihamisha kwanza, nikafungua sura ya kwanza kujaribu. Programu ikaandika kwamba Sauti Safi haipatikani, na pumzi zote za msomaji zikarudi kwa pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Nikaizima sauti. Nikairudisha plagini mahali pake.

Kuiondoa nisingeweza, na kuiacha nilikuwa naogopa. Nikajipa moyo kwamba majina ni tofauti na rangi ni tofauti, kwa hiyo Pumzi na Sauti Safi zitakaa folda moja kama wapangaji wasiosalimiana. Nani ataziangalia mara mbili?

"Unatafuta nini?" Mke wangu alikuwa nyuma yangu.

"Nasafisha."

"Ile yangu ya kwanza bado unaitumia, au umeichoka?"

Nilisikia viatu vya Mama Studio vinakaribia.

"Ongea chini," nikamwambia. "Maiki ziko wazi."

Masikini wa Mungu akaniamini. Akashusha sauti, akawa ananong'ona hata alipoulizwa kama atakunywa chai. Mama Studio akaniuliza pembeni kama mke wangu anaumwa koo.

"Ni aibu tu, mama."

"Aibu ya nini, yuko na mumewe?" Kisha akafikiri. "Lakini sikiliza, mke na mume hawapimani. Ukimpitisha watasema umempendelea, ukimwangusha utalala nje. Nitampima mwenyewe. Wewe ingia chumbani ukasome, na upumue kwa nguvu, tuione hiyo dawa yake."

"Mama, mimi ningekaa hapa nimsaidie kusakinisha."

"Anakuja kuomba kazi ya kusakinisha, halafu asaidiwe kusakinisha? Ingia."

Nikaingia.

Chumba cha kusomea mnakumbuka nilivyowaeleza: kinatosha mtu mmoja na kiti chake, kuta zimefunikwa zulia, kioo ni cha tabaka mbili, na mlango mzito huo ukifungwa hata mvua huisikii. Ukiwa ndani unawaona walio nje midomo inacheza, lakini husikii neno mpaka wabonyeze kitufe cha kuongelea, ndipo sauti inakujia kwenye hedfoni. Mama Studio alikibonyeza kitufe akakiacha hapo hapo, ili nifuatane nao. Maiki yangu nayo akaiacha wazi.

Kwa hiyo nilikuwa nawasikia wote, na wao walikuwa wanasikia mpaka mate nikimeza.

"Soma," akasema.

Karatasi iliyokuwepo ilikuwa maelekezo ya kutumia kizima moto. Nikasoma. Vuta pini. Elekeza chini ya moto. Usigeuze mgongo kamwe. Nilipumua kwa nguvu kama nilivyoagizwa, na wala sikuhitaji kuigiza.

Mke wangu alifanya kila kitu kwa utaratibu, na ningekuwa mtu mwingine ningejivunia. Alichomeka flashi. Kabla ya kuisakinisha plagini aliipitisha kwanza kwenye kikaguzi kinachokuja na ule mfuko wa zana, kile kinachoibana plagini huku na huku kuona kama itaangusha kompyuta ya watu.

"Majaribio arobaini na saba, mama. Imefaulu yote."

"Vizuri sana. Endelea."

Akainakili kwenye folda. Akafungua programu ya kurekodia, akaiagiza itafute plagini upya. Mstari ukajaa taratibu mpaka mwisho. Akafungua orodha.

Pumzi haikuwepo.

Akafunga, akafungua tena, akaagiza upya. Kwenye orodha kulikuwa na Sauti Safi, na zile tulizonunua, na basi. Akaichomoa flashi, akaichomeka tena. Alianza kuvuta hereni yake ya kushoto, kama anavyofanya siku mtoto ana homa.

"Mwanangu, mbona hatuioni?" Mama Studio akauliza.

"Sijui, mama. Nyumbani inaonekana."

"Nyumbani kila mtu anaweza."

Hapa nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilifurahi. Nilimwona mke wangu anaaibika mbele ya mtu, jasho limemtoka juu ya mdomo, na moyo wangu ukasema afadhali. Nilikwisha panga nitakavyomfariji jioni. Ningemwambia kazi ni riziki, na riziki haina pupa. Ningemnunulia hata soda.

Shangazi, sasa unaweza kuandika.

"Mama," mke wangu akasema, "naomba ruhusa nifungue daftari la programu. Huwa inaandika kila plagini iliyoikuta na kilichotokea."

"Fungua."

Nikaacha kusoma. Hilo daftari sikuwahi kulisikia.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Kidole kikasimama. Akarudi juu, akashuka tena hadi pale pale. Kisha akaachia hereni na kuniangalia kupitia kioo, si kwa hasira, kwa kushangaa tu, kama mtu aliyekutana na shati lake kwenye kamba ya jirani.

"Nimeona," akasema. "Kila plagini ina namba yake ya utambulisho, mama. Herufi na tarakimu thelathini na mbili. Programu haijali jina wala rangi, yenyewe inaangalia namba. Zikija mbili zenye namba moja inahesabu ni kitu kimoja, inabaki na iliyotangulia, ya pili inaipuuza."

"Sasa?"

"Hii Sauti Safi ina namba ya plagini yangu."

Jamani. Nilibadilisha kila kinachoonekana kwa macho. Namba sikuigusa kwa sababu sikujua ipo. Baadaye nimeambiwa kwamba ni somo la siku ya kwanza kwa kila anayeunda plagini: ukinakili mfano wowote, kabla hujagusa kingine, tengeneza namba mpya. Lakini mimi sikuwa mwanafunzi wa kazi hiyo. Nilikuwa mwizi, na mwizi hukimbilia vinavyong'aa.

"Fundi, pumua taratibu," Mama Studio akasema bila kugeuka. "Unatupasua masikio."

Nikajaribu kupumua taratibu. Haikuwezekana.

"Haziwezi kufanana kwa bahati?" akamuuliza mke wangu.

"Haiwezekani, mama. Kompyuta ndiyo inaibuni, na haibuni moja mara mbili."

"Kwa hiyo mmoja wenu amenakili ya mwenzake."

"Ndiyo," mke wangu akasema, tena kwa wepesi, karibu acheke. Nilimwelewa. Kwake lile lilikuwa jambo dogo la nyumbani. Alidhani nimeipaka rangi ya studio na kuipa jina la studio, basi, na kila mtu hapa anajua ilikotoka. Haikumjia kabisa kwamba kuna mtu alipewa cheo kwa ajili ya hiyo.

Mama Studio hakucheka. Alivaa miwani yake, akasogelea skrini.

"Nionyeshe tarehe za hizo faili."

Mke wangu akamwonyesha.

"Sauti Safi, miezi saba iliyopita. Yako... jana, saa tano asubuhi."

"Hilo ni toleo la pili, mama. Nimeijenga upya jana. Ukijenga upya, tarehe inakuwa ya siku hiyo."

"Mh."

"Kweli, mama."

"Mwanangu, mimi nimeendesha studio miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na fundi hapa, nikamlea kama mwanangu. Akanakili kitabu kizima akakiuza kwa jina lingine. Nilipomkamata na yeye alikuwa na maelezo mazuri ya tarehe." Akavua miwani. "Mumeo ameunda kitu chake, amekuja nacho nyumbani. Wewe umekaa bila kazi, umekikuta kwenye kompyuta, umekipa jina lingine. Ndivyo?"

Mke wangu akaishika tena hereni yake.

"Sikulaumu kwa kutafuta kazi," Mama Studio akaendelea. "Lakini kuiba kwa mumeo, halafu unaleta mbele yake, na yeye kwa kukusitiri anakaa kimya. Nilijiuliza tangu asubuhi kwa nini fundi wangu anatoka jasho. Kumbe anaona haya kwa ajili yako."

Hapo nikataka kufa. Sikutaka kusema ukweli, nilitaka kufa tu, ambalo ni jambo tofauti na rahisi zaidi.

Mama Studio akatoa simu kwenye pochi.

"Tuna kundi letu, sisi watano. Ni haki wenzangu wajue, kabla hujafika kwa wa pili."

"Mama, naomba usiandike." Sauti ya mke wangu ilikuwa imepungua, na safari hii hakuwa ananong'ona kwa ajili ya maiki. "Ukiandika hilo mimi nimekwisha. Sina kazi nyingine ninayoijua. Mimi si mwizi."

"Una ushahidi?"

"Ninao."

"Uko wapi?"

Akanyoosha mkono kwenye kioo.

"Yule pale. Muulize mume wangu. Alikuwepo wiki zote tatu, mimi naandika, yeye ameshika mtoto. Muulize yeye, mama. Mimi sina haja ya kuongeza neno."

Akakaa vizuri kwenye kiti, akaweka mikono mapajani. Alikuwa ametulia. Mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa anaomba asiandikwe alitulia, kwa sababu kesi yake sasa iko mikononi mwangu.

Mama Studio akainama kwenye maiki.

"Fundi. Umesikia yote?"

"Nimesikia, mama."

"Basi nijibu mbele yake. Hii Sauti Safi, nani aliiunda?"

Mlango ulikuwa hatua moja nyuma yangu. Niliufikiria. Lakini mlango ule unafungukia chumba walichokaa wao, hakuna njia nyingine, na hata ningeupita ningekuwa tu nimeleta uso wangu karibu nao.

Nikafikiria cheo changu. Nikafikiria mama mkwe na majirani. Nikasema moyoni, nikikubali, mimi natoka hapa na jina la mwizi na yeye anaingia kazini. Nikikataa, yeye ndiye anatoka na hilo jina, lakini ana mimi wa kumlisha. Nyumba itakuwa na mwizi mmoja tu kwa vyovyote, sasa kwa nini awe yule mwenye kazi? Hesabu hiyo niliipiga nikiwa nimevaa hedfoni, nikimwangalia mke wangu usoni. Naona haya kuiandika, lakini mlilipia gazeti.

Yeye alikuwa ananitikisia kichwa polepole. Ndivyo anavyomfanyia binti yetu mkubwa kabla hajasimama kusoma shairi shuleni. Sema tu, mwanangu. Unajua. Sema.

"Ni yangu, mama," nikasema. "Niliiunda mwenyewe."

Ile mara ya kwanza, miezi saba nyuma, niliwaambia mdomo ulijisemea. Mara hii hapana. Maneno haya niliyachagua, nikayapanga, nikayatoa moja moja.

Kichwa cha mke wangu kiliendelea kutikisika kidogo, kama hakijapata habari. Halafu kikasimama.

Hakulia. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika. Aliniangalia tu, na nikaona anarudi nyuma kwenye miezi yote saba: chai ya jioni, pongezi za mama mkwe, ile nafasi ya kazi niliyosema bado sijaisikia. Alizipitia zote, moja baada ya nyingine, na kila alipofika alinikuta.

"Umesikia mwenyewe," Mama Studio akamwambia, na akaanza kuandika kwenye simu kwa kidole kimoja, taratibu, kama watu wa rika lake.

Nikavua hedfoni. Nikavaa tena. Chumba kilikuwa na joto, na pumzi zangu zilikuwa zinanirudia masikioni.

"Mama," mke wangu akasema. "Umemaliza kuandika?"

"Bado kidogo."

"Naomba usitume kwa dakika moja. Moja tu. Baada ya hapo tuma utakavyo, sitakuomba tena."

Mama Studio akamtazama juu ya simu. Kidole chake kikabaki hewani.

"Dakika moja."

Mke wangu akahama kutoka kiti cha wageni, akakaa kwenye kiti changu. Akavuta kibodi. Kufuta macho alifuta mara moja, kwa mgongo wa mkono, kisha akafungua mstari mpya wa kurekodia, akaupandisha usikivu wa maiki yangu, akaushusha kidogo, kama nilivyomfundisha mwenyewe mwaka tuliokuwa wachumba, nilipomleta hapa Jumamosi moja kumringia.

Halafu akasogea karibu na maiki, akaniita kwa jina la kazini, ambalo tangu tuoane hakuwahi kuniita.

"Fundi," akasema. "Rudia hiyo sentensi. Sasa narekodi."